Verna na Sauti Iliyosafishwa

Imefunguka! Jamani, imefunguka! Faili moja kati ya sitini na tatu, dakika moja na sekunde kumi na mbili, na ndani yake kuna mtu anaimba, anakatisha, anagomba, anacheka, anaanza upya. Verna aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, dada yake Eileen akaisikia, na Leroy mpiga ngoma, jitu lenye mabega kama mlango wa friji ya dukani, akaisikia akalia mpaka kamasi. Mwaka huu hapa Kulpinya, kijijini kwetu katikati ya jangwa la Australia, hakujatokea jambo zuri kuliko hilo, hata kombe la mpira halioni ndani. Limetangulizwa kwa sababu yanayofuata mengi yanauma, na mtu akiingia kwenye maumivu ni bora awe ameshashika kitu mkononi.

Basi, Verna. Umri hamsini na nne, mfupi, kofia ya sufu ya timu yake haimtoki kichwani hata jua likiwa la kukaanga mayai. Shingoni ana ufunguo uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Ule ni ufunguo wa chumba cha redio, yaani lile kontena la buluu nyuma ya duka, na ndani ya kontena kuna kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna nyimbo elfu kumi na moja na ushee. Zote ameziingiza yeye, moja moja, kwa kidole kimoja.

Alianza miaka kumi na mbili nyuma. Alikuja fundi mmoja mzungu kutoka Adelaide, akakaa siku nne, akaweka ile programu ya kupanga nyimbo, akamwonyesha Verna pa kuandika jina la mwimbaji, pa kuandika jina la wimbo, pa kubandika picha. Akaondoka na hajarudi. Verna hakuwa na wa kumuuliza, akajifunza kwa kukosea. Na programu yenyewe haina makuu: haitaki intaneti, haitaki bando, haiulizi neno la siri. Huku kwetu ukitaka mistari miwili ya mtandao unapanda juu ya tangi la maji na bado unapata mmoja. Kwa hiyo wimbo ukiwa kwenye kompyuta ya Verna, upo. Ukiwa haupo pale, labda haupo duniani.

Alhamisi ndiyo siku ya kujaza. Watu wanakuja na simu zao, memori kadi, flashi, wengine na redio nzima waliyoing'oa kwenye gari. Verna anachomeka, anauliza unataka nini, na anakusema huku anakujazia. Kuna kijana aliomba nyimbo za mapenzi Alhamisi tatu mfululizo, Verna akamwambia mkeo alishakukimbia tangu Pasaka, chukua za kanisani upate wa kuzungumza naye. Foleni nzima ikacheka, na kijana akachukua za kanisani kweli.

Sasa kuna kazi moja ya Verna ambayo haina utani. Mtu akifa huku kwetu, jina lake halitajwi. Picha yake inageuzwa ukutani, na sauti yake haisikiki tena, mpaka siku ambayo wenye msiba watasema sasa basi, fungueni. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miaka sita, hakuna anayewahimiza. Marehemu anaitwa Kunmanara. Na siyo yeye peke yake: kila aliye hai mwenye jina kama lake naye anaitwa Kunmanara, ndiyo maana timu yetu iliwahi kuingia uwanjani na Kunmanara watatu, refa mgeni akachanganyikiwa, akampa kadi asiye na kosa.

Kwa hiyo mwimbaji akifariki, siku hiyo hiyo Verna anafungua kontena, anakaa, anatafuta nyimbo zake zote. Palipoandikwa jina anafuta, anaandika Kunmanara. Picha anaiondoa. Jina la bendi nalo anaondoa kama lina harufu ya jina lake. Halafu anazihamishia nyimbo hizo kwenye folda moja anayoiita kabati, ambayo programu haiigusi ikicheza. Haandiki popote kwamba huyu ni fulani, kwa sababu kuandika ni kutaja. Anakumbuka tu. Kwa miaka yote hiyo alikumbuka, na wenye msiba walipokuja kusema fungua, alijua aende wapi.

Na watu nao wanafanya lao. Habari ya kifo ikifika tu, kila mmoja anatoa simu na kufuta. Hakuna anayeambiwa. Unafuta kwa sababu hutaki mama yake apite karibu na gari lako asikie mwanawe anaimba.

Kunmanara wa habari hii alikuwa mtoto wa Eileen, yule dada mkubwa wa Verna. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, kwa hiyo Verna naye alikuwa mama, mama mdogo. Alimbeba mgongoni, alimfundisha kuendesha gari, na alipofika miaka ishirini akamfungulia kontena apige gitaa mule badala ya kuwasumbua wazee. Mrefu, mwembamba, mdomo mwingi. Alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni, ule ugonjwa unaoanza na koo tu, na kila mwezi nesi alikuwa anamkimbiza na sindano uwanjani watu wakimshangilia nesi. Yeye na Leroy na wengine wawili wakawa bendi. Walirekodi nyimbo kumi na nne kwa kile kirekodi kidogo cha chumba cha redio. Ule uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kanisani, wimbo wa bibi yake, yeye akautia rege. Wazee walinuna Jumapili moja. Jumapili ya pili walikuwa wanatingisha miguu chini ya benchi.

Kirekodi kile huwa kinaandika majina chenyewe: Wimbo 01, Wimbo 02, hadi unapochoka. Verna alimwambia mwanawe azipe majina. Akajibu, "Majina ya nini, mama mdogo? Watu watazijua tu."

Alifariki akiwa na miaka ishirini na saba, mwaka wa tano sasa. Walikuwa wanarudi kutoka kwenye mashindano, gari likazima njiani, yeye akaanza kutweta. Gari jingine likawachukua, ndege ya madaktari ikampeleka hospitali ya mji wa Alice, na siku ya kumi na moja akaondoka. Verna alirudi kutoka msibani, akafungua kontena, akafanya kazi yake. Kwa mtoto wake mwenyewe. Alisema baadaye kwamba aliandika Kunmanara mara ya kwanza kimakosa, ikabidi afute aandike tena, na kule kufuta mara mbili ndiko kulikomliza.

Kosa lenyewe lilikuja miaka mitatu baadaye, na lilikuja kwa mtu mwangalifu. Diski ilijaa. Mashindano yalikuwa wiki inayofuata, bendi sita zinakuja kurekodi, na kompyuta inagoma kupokea hata wimbo mmoja. Verna akazunguka kwenye programu, akakuta mahali panaposema kuna nyimbo mia mbili na kumi na mbili zimejirudia, je, zisafishwe? Akaona hapo sawa. Si anajua mwenyewe kuna nyimbo kaingiza mara tatu tatu kutoka simu za watu? Akabonyeza. Ikasafisha. Nafasi ikapatikana, mashindano yakafana, watu wakamsifu.

Kumbe programu inasoma jina la mwimbaji na jina la wimbo, basi. Na mle kabatini waimbaji wote walikuwa mtu mmoja. Wazee kwa vijana, kwaya kwa rege, wote Kunmanara, na wengi walirekodiwa na kirekodi kile kile, kwa hiyo wote wana Wimbo 01, wote wana Wimbo 02. Programu ikaona mtu mmoja karudia rudia nyimbo zake. Kwa kila jina ikaacha faili moja, ile nzito kuliko zote, nyingine ikatupa. Na Ijumaa, kama kila Ijumaa, Verna akachomeka diski ya akiba, akabonyeza pale pa kufananisha, diski mbili zikafanana. Halafu akamwaga takataka za kompyuta, kwa sababu anapenda usafi.

Hakujua. Angejuaje? Kabati halifunguliwi kwa udadisi.

Miaka miwili ikapita hivyo, mpaka Alhamisi moja ya mwezi wa saba, asubuhi ya baridi. Eileen akaja kwenye foleni kama watu wengine. Alikuwa amejifunga blanketi, miguu imevimba mpaka viatu kavaa kwa kukanyaga visigino. Watu wakampisha, akakataa, akasubiri zamu yake. Alipofika mbele akaweka mezani simu ya vitufe, ile yenye spika kubwa nyuma.

Alieleza taratibu. Nesi kasema figo zimekwisha, hakuna kuzungushana tena. Jumatatu gari la kliniki linampeleka Alice kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, na mashine haina likizo. Kila mtu kwenye foleni alijua maana yake. Wapo waliokwenda kwenye mashine na hurudi kwa siku mbili tu, kwa mazishi ya wengine, halafu kwa yao.

"Mfungue," Eileen akamwambia mdogo wake. "Sauti tu, jina bado. Nataka nikae naye kule. Niwekee ule wa kanisani na zote alizokuwa nazo."

Verna akasema sawa, dada, kesho. Alitaka kwanza azipange vizuri, labda auweke ule wa bibi mbele. Eileen alipoondoka akafunga kontena, akafungua kabati.

Akabonyeza Wimbo 01. Akatoka mzee mmoja anasimulia njia ya kwenda kwenye kisima, mbwa anabweka nyuma. Wimbo 02, kwaya ya akina mama. Wimbo 03, mzee yule yule. Akaenda hadi kumi na nne. Akarudi mwanzo akaenda tena hadi kumi na nne. Akatazama chini pale panapohesabiwa nyimbo, akaona kabati limepungua zaidi ya nusu, na hapo ndipo alipokumbuka ile siku ya usafi. Akachomeka diski ya akiba. Ikafanana kabisa.

Nje watu walikuwa bado wanasubiri kujaza. Mmoja akagonga, akaambiwa arudi wiki ijayo. Tangu lile kontena lifike, Alhamisi haijawahi kufungwa mapema.

Jioni ile Verna akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hakusema kwa nini. Aliuliza tu kama kuna mtu ana kadi ya zamani, simu iliyovunjika, chochote cha wakati ule. Na kila alipofika alipewa jibu moja, tena kwa fahari, kwa upole, watu wakidhani wanamfariji. Tulifuta, mama. Siku ile ile. Mimi nilifuta kabla hata gari la msiba halijafika. Bibi mmoja alimshika mkono akamwambia alivunja kadi kwa jiwe kwa sababu hakujua kufuta, na Verna akamshukuru.

Mwisho akafika kwa Leroy. Leroy alikuwa chini ya gari lake, miguu tu ndiyo inaonekana, na kwa mazoea akaanza matani kutoka kule kule chini, kwamba mama mdogo kama umekuja kuomba mkia wa kangaruu umechelewa, tumekula na mfupa. Leroy akatoka, akamwona uso, akafuta mikono kwenye suruali.

Kwa Leroy ndiyo alisema. Yote, mpaka kule kumwaga takataka. Leroy akakaa chini. Akatafuta simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni. Naye alifuta, na yeye ndiye alikuwa amekaa naye kwenye ndege.

Kisha Leroy akasema, kama mtu anayeongea na udongo, "Kuna gari."

Lile gari lililozima njiani, kilomita arobaini upande wa magharibi, bado liko pale. Huku kwetu gari likiachwa barabarani wiki moja halina matairi, wiki ya pili halina milango, mwezi wa tatu watoto wameligeuza nyumba. Lile hakuna aliyeligusa. Ni lake. Watu wakipita wanatazama upande mwingine. Na Leroy anakumbuka flashi ilikuwa kwenye redio, wanasikiliza mazoezi yao njia nzima, yule anasimamisha kila dakika kusema nani kakosea.

Verna akasimama, akasema twende sasa hivi. Leroy akabaki amekaa.

"Siwezi kufungua ule mlango mama yake hajasema," alisema. "Nikatwe mkono, siwezi. Na wewe huwezi."

Alikuwa sahihi na Verna alijua. Kabla ya hapo, pengine moyoni alikuwa na wazo kwamba akiipata sauti kimya kimya, Eileen asingehitaji kujua lolote. Njia hiyo ikafungwa pale pale.

Ijumaa asubuhi akaenda. Eileen alikuwa uani kwake, moto unawaka, mkate uko kwenye majivu, chai kwenye kopo, mbwa wanne wamemzunguka kwa joto. Verna akakaa kando yake, siyo mbele, wote wakitazama moto, maana jambo zito halisemwi uso kwa uso. Akasema. Alieleza kwamba mwimbaji yule na yule na yule wote kawaandika jina moja, na mashine ikadhani ni mtu mmoja. Alisema mkono uliobonyeza ni huu. Akauweka juu ya goti, kama kitu cha mtu mwingine.

Eileen alifukua mkate, akaupigapiga majivu. Mbwa mmoja akajaribu bahati yake, akapata kofi.

"Iliuliza kabla ya kufuta?"

"Iliuliza, dada."

"Ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo."

Eileen akaukata mkate vipande viwili. Hakumpa Verna. Alishika vyote viwili, kimoja kila mkono, mpaka vikapoa, na machozi yakawa yanashuka bila sauti. Verna alisema kwamba angepigwa angeshukuru. Mtu akimkosea ndugu kiasi hicho anainamisha kichwa, fimbo inashuka, na inakwisha. Aliinamisha. Fimbo haikuja.

Halafu akamwambia habari ya gari. Eileen akauliza nani kalikumbuka, akaambiwa Leroy. Akavuta pumzi.

"Kesho," akasema. "Na mimi nakuja. Mtoto hafunguliwi mlango na wageni."

Hapo ndipo akampa kipande cha mkate. Kilishakuwa baridi.

Jumamosi wakatoka na gari la Leroy, ambalo halina kioo cha mbele, kwa hiyo walikula vumbi la baridi kilomita zote arobaini. Eileen kakaa mbele na mto mgongoni. Njiani Leroy aliomba radhi mara moja, kwa shimo.

Gari lilikuwa limekaa kama walivyoliacha, rangi imeliwa na jua, nyasi zimeota kwenye boneti. Leroy akasimamisha mbali. Verna akavunja majani mabichi, wakawasha moto mdogo upande wa upepo, moshi mzito mweupe ukaelekea garini, kama tunavyofukiza mahali pa marehemu. Eileen akatangulia. Alitembea polepole na miguu yake ile, ndani ya moshi, akiliita gari kwa sauti ya chini, anamwambia aliyemo kwamba ni mimi, mama yako, na mama yako mdogo, na rafiki yako, tumekuja kuchukua kitu kidogo, usikasirike. Alipolifikia akaweka kiganja juu ya mlango. Ndipo kile kilio chetu cha misiba kikatoka, kirefu, kikaenda na ule uwanda wote, na Verna akajiunga, na Leroy akavua kofia akasimama ameinama.

Walipomaliza, Eileen akamwambia Leroy afungue.

Mlango uligoma, ukafunguka kwa teke. Ndani kulikuwa na jezi moja imekauka kama ngozi, chupa, na uzi wa gitaa uliokatika, umejikunja sakafuni. Na kwenye redio, flashi. Ilikuwa nyekundu, upande wa kioo ilishapauka ikawa ya waridi. Leroy akaivuta kwa koleo, polepole, kama anang'oa jino la mtoto. Hawakuchukua kingine. Wakafuta nyayo zao kwa matawi, wakaondoka.

Mle ndani ya kontena wakabanana watatu. Verna akapuliza flashi, akaipangusa kwa ncha ya kofia yake ya sufu, akachomeka. Kompyuta ikakoroma. Ikakaa. Ikaonyesha faili sitini na tatu, na Leroy akataka kushangilia, Eileen akamshika mkono. Verna akaziingiza kwenye programu. Ya kwanza haisomeki. Ya pili haisomeki. Majira matano ya joto juu ya dashibodi, unategemea nini? Verna alikuwa anabonyeza, anasoma, anasema haisomeki, anabonyeza, mpaka sauti yake ikawa kama ya mtu anayehesabu. Walipofika arobaini Leroy akatoka nje. Walipofika hamsini na nane, ikafunguka.

Verna aliondoa mkono haraka kama kaungua. Akamsogezea dada yake kipanya, maana siyo haki yake kubonyeza. Leroy akaitwa. Eileen akabonyeza.

Gitaa. Ngoma. Halafu yeye, ule wimbo wa bibi, mstari wa kwanza, wa pili, sauti ile yenye mchanga kidogo ndani. Kwenye mstari wa tatu ngoma ikakimbia, na yeye akakatisha.

"Leroy, unakwenda wapi? Kuna mtu anakukimbiza?" Kicheko. Kitu kinaanguka. "Haya, turudi. Taratibu, hatuogopi mtu. Moja, mbili..."

Akaanza tena, na sasa ngoma imetulia, imekaa mahali pake, akapita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akavuta pumzi ya kuingia wa nne. Ikakatika hapo. Dakika moja na sekunde kumi na mbili.

Leroy ndiye aliyeanza. Mtu mzima, anagombezwa na rafiki yake, kwa haki kabisa, na hawezi kumjibu. Alilia akisema nilikuwa nakimbia kweli, nilikuwa nakimbia. Eileen alikuwa kafumba macho. Alibonyeza tena. Akabonyeza tena. Mara ya nne ndiyo aliongea.

"Bado ana kiburi," akasema. "Hajabadilika."

Zilizobaki tano hazikufunguka. Nyimbo kumi na nne zimekwenda, na hazirudi, na Verna alilisema hilo kwa mdomo wake pale pale ili lisibaki likielea. Kisha akaihamisha ile moja kwenye simu ya vitufe, na kwenye kompyuta, na kwenye diski ya akiba, na kwenye kadi mpya akampa Leroy, akamwambia hii ukifuta nakufuta wewe.

Kwenye programu wimbo ulikaa peke yake, na pale pa mwimbaji programu ilikuwa imejiandikia: Hajulikani. Verna akaweka kidole juu ya vitufe, kikabaki hewani. Jina bado halijafunguliwa. Neno Kunmanara hawezi kuliandika tena, mkono unakataa. Akamuuliza dada yake aandike nini.

Eileen alifikiri. Alikuwa anasoma ile skrini kwa macho ya karibu, pua inaigusa.

"Andika mtoto wa Eileen na Verna."

Verna hakuweza kuandika papo hapo. Aliandika baada ya muda, kwa kidole kimoja, na dada yake akamsahihisha herufi.

Jumatatu gari la kliniki lilikuja saa mbili. Eileen alipanda na blanketi, mto na simu. Aliwapa watu mikono dirishani kila mmoja, na Verna wa mwisho, na hakumwachia upesi. Baada ya wiki tatu Verna alipanda juu ya tangi, akapata mstari mmoja, akapiga simu Alice. Aliuliza habari za mashine, za chakula, za baridi. Halafu akauliza kama ule wimbo bado unacheza. Eileen akasema unacheza, anausikiliza kwenye mashine na wenzake wameshaujua. Unaishia pale pale, akasema.

Sasa hivi Verna hajazi nyimbo Alhamisi mpaka saa sita. Asubuhi anakaa na wenye misiba, familia moja kwa wiki, wale waliokubali, na anafungua kabati mbele yao. Wanasikiliza sekunde mbili tatu, za kutosha kujua ni nani. Halafu anaandika: mume wa fulani, binti wa fulani, babu yao akina fulani. Jina halitajwi, na hakuna wawili wanaofanana. Wapo ambao sauti zao hazikupatikana, na Verna anawaambia ndugu zao kwa mdomo wake, kila mara, na kila mara anainamisha kichwa.

Kama kwenu kuna mtu anayetunza nyimbo za watu kwenye kompyuta, mpitishie habari hii kabla hajabonyeza Safisha.